Umeme wa Baridi

Benite alipoingia kiwandani Jumanne ile asubuhi, alimkuta Namegabe, mpishi wa sabuni, amefunika ndagala zake, dagaa wa ziwani, kwa kioo cha kukinga uso.

Kilikuwa kioo kipana cha plastiki ngumu, chenye rangi ya chai ya rangi. Huvaliwa kichwani kama kofia na kushuka mpaka chini ya kidevu. Mwenye kiwanda alikinunua kwa amri ya kampuni ya bima, ili fundi anayefungua kabati lenye umeme asiunguzwe uso pakilipuka. Sasa kilikuwa kimelala juu ya sahani ya bati, ndani kimejaa mvuke na mafuta, na nzi wawili walikuwa wakitembea mgongoni mwake wakitafuta mlango.

"Namegabe," Benite alisema, "hiyo kitu ni ya uso."

Namegabe akamwinua ndagala mmoja kwa mkia. "Na hii si uso, dada? Ona, iko na macho mbili. Tena yenyewe hainung'unike kama we."

Wapakiaji waliokuwa wameketi juu ya katoni wakacheka mpaka wakakohoa. Benite hakucheka. Alikichukua kioo, akaenda nacho bombani, akakisugua kwa sabuni mara tatu. Harufu ya samaki haikutoka.

Si kwamba alikuwa mwepesi wa kuchukizwa na uchafu. Amekulia Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, katika ua wa familia tano na choo kimoja, na kwa miaka saba sasa anafanya kazi mahali ambapo mawese yaliyochacha yananata kwenye viatu, kwenye nywele, mpaka kwenye mkate wa saa nne. Ameizoea harufu hiyo. Kilichomtia kinyaa ni kingine, na ilimchukua miaka kukipatia maneno: jinsi watu wanavyofurahia kukichezea kitu kinachoweza kuwaua, na jinsi mchezo huo unavyogeuka kuwa heshima.

Pale kiwandani, heshima hiyo yote alikuwa nayo mtu mmoja, Astère.

Astère alikuwa mkuu wa mafundi umeme, mtu wa miaka hamsini na minane, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Akija mgeni, ataletwa amwone. Astère hulamba kidole cha shahada, akakigusisha upesi kwenye kichwa cha waya wenye umeme, akakitoa akitabasamu. "Mi umeme inanijua," husema. "Tumekula naye sahani moja." Kisha hutema mate pembeni ya ukuta, pale pale anapotema kila siku, na watu hupiga makofi. Baada ya robo saa utamkuta amekaa na wenzake, na kidole kile kile kinamega bugali katika sahani ya wote. Benite aliacha kula nao mwaka wake wa pili. Walisema anaringa kwa sababu ana diploma.

Diploma hiyo alikuwa nayo kweli, ya A2 ya umeme kutoka shule ya ufundi, na alikuwa mwanamke pekee katika mafundi watano. Lakini hakuwa mtu wa kuringa. Alikuwa mtu wa kusoma. Ndiyo maana, miaka miwili iliyopita, bima ilipomleta mhandisi akapima nyaya na makabati yote na kuacha ripoti ya kurasa sitini, Benite ndiye peke yake aliyeomba kuisoma. Mwenye kiwanda, Bwana Obeid, alimpa kwa mshangao wa mtu aliyeombwa takataka. Aliisoma nyumbani Jumapili nne mfululizo baada ya misa, mama yake akichambua mchele mlangoni na kumuuliza kama hiyo ni barua ya mchumba.

Ripoti ilieleza mambo ambayo shuleni walipitia mbio mbio. Shoti ikitokea kwenye vyuma vinene vya kabati, umeme huruka hewani kama radi ndogo. Hewa hugeuka moto, shaba huyeyuka na kurushwa usoni mwa aliye mbele. Ukubwa wa jeraha hautegemei ukubwa wa umeme peke yake. Unategemea pia muda: moto ule unawaka kwa muda gani kabla ya kifaa cha kukata, kile mafundi wa Bujumbura wanachokiita disjoncteur, kuamka na kukata.

Hapo ndipo Benite aliporudia ukurasa wa arobaini na moja mara tatu, kalamu mdomoni.

Kiwandani kulikuwa na imani moja, ya zamani kuliko wafanyakazi wote isipokuwa Astère. Umeme wa mjini waliuita umeme wa moto. Umeme wa jenereta, yaani groupe, waliuita umeme wa baridi. Groupe ni ndogo, walisema, haina nguvu ya kuua mtu. Kwa hiyo kazi zote za kufungua makabati, kubwa ambalo waliliita tablo na madogo yake, zilingojea umeme wa mjini ukatike. Groupe ikishaanza kunguruma, Astère hutoka na mfuko wake wa spana, akafungua tablo likiwa hai na kuchezea ndani yake akipiga mluzi. Ulikuwa utaratibu wa kazi, kama kunawa mikono, isipokuwa kunawa mikono hakuna aliyekujali.

Ukurasa wa arobaini na moja ulisema kinyume. Shoti ikitokea kwa umeme wa mjini, zinapita ampea elfu ishirini, na disjoncteur kubwa ya tablo inashtuka na kukata kabla mtu hajapepesa jicho. Shoti ile ile ikitokea kwa groupe, zinapita elfu mbili tu, kisha chini ya hapo. Disjoncteur ile ilikuwa imetegwa ishtuke kuanzia elfu kumi. Ikiona elfu mbili inadhani ni mashine nzito inaanza kuzunguka, na inangoja. Sekunde moja, mbili, pengine zaidi. Muda wote huo moto unawaka mbele ya uso wa mtu. Umeme mdogo ndio ungeunguza zaidi.

Na nani aliitega elfu kumi? Astère. Mwanzoni ilitegwa chini, lakini kila mashine ya kukorogea ilipowashwa pamoja na nyingine, disjoncteur ilikata. Siku moja alichukua bisibisi, akavizungusha vile viduara viwili vya kutegea mpaka mwisho, na usumbufu ukaisha. Walimpigia makofi siku hiyo pia. Mhandisi alipendekeza virudishwe, akabandika karatasi ya rangi ya machungwa mlangoni mwa tablo kuonya. Juu ya karatasi hiyo mtu alikwishabandika kalenda ya duka la simu.

Jumanne ile umeme wa mjini ulikatika saa tano. Groupe ikanguruma. Haikupita nusu saa, Benite akasikia harufu.

Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua, na chini yake harufu nyingine nzito, ya nyama. Aliifuata mpaka kwenye tablo. Mlango wa chuma ulikuwa moto, hauwekeki kiganja, na rangi yake ilikuwa imeanza kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Astère alikuwa amekwisha kufika. Alivaa jezi ya kandanda ya nailoni, ile inayoyeyuka na kugandana na ngozi ikipata moto, na alikuwa anazungushia spana mpira wa tairi la baiskeli iwe kinga.

"Bulo moja imelegea ndani," alisema, boliti kwa lugha ya kiwandani. "Inachemka. Lete lampe, mademoiselle, na ile daftari."

Daftari lilikuwa la bima pia. Tablo halikufunguliwa bila sahihi mbili. Benite alilileta, lakini hakulifungua.

"Chef, tuzime groupe kwanza."

"Kuzima nini?"

Kelele ya jenereta ilikuwa kubwa, akalazimika kurudia kwa sauti ambayo hakuipenda, sauti nyembamba inayopanda juu. "Tuzime groupe. Dakika ishirini. Unakaza bulo, tunawasha."

Namegabe alikuwa amekuja mbio kutoka kwenye sufuria lake kubwa, aproni imejaa magadi. "Dakika ishirini! Dada, mi niko na tani mbili mule ndani. Pampu zikisimama, sabuni inaganda mu bomba. Itakuwa mufupa! Tutaitoa na patasi, bomba kwa bomba."

Bwana Obeid akatoka ofisini akijifuta shingo. Hakuwa mtu mbaya. Baba yake alianza na duka la vitambaa Bwiza, na yeye alijua kila mfanyakazi ana watoto wangapi. Lakini mazuti, dizeli ya groupe, alikuwa ameyapangia foleni siku mbili, na kila dakika ilikuwa inaungua mbele yake.

"Kuna nini, mzee?" alimuuliza Astère, si Benite.

"Apana kitu, patron. Bulo. Iko umeme ya baridi, nakaza mara moja. Huyu mutoto ndiyo anaogopa."

"Siogopi kwa ajili yangu," Benite alisema. "Mzee, ile étude, ile ripoti, iliandika. Kwa groupe njo mbaya zaidi, kwa sababu disjoncteur haiamki. Ulizungusha mwenyewe. Ukiteleza na hiyo spana, moto utawaka mbele yako sekunde mbili. Hesabu: moja, mbili. Mikono yako iko ndani."

Astère aliacha kuzungusha mpira kwenye spana, naye akadhani amesikia.

"Étude," Astère alisema taratibu, "ilishakaza bulo ngapi?"

Wakacheka. Hata Obeid alitabasamu, kisha akatazama saa.

"Vaa basi hii," Benite akasema, na kumnyooshea kile kioo cha uso.

Astère alikipokea, akakinusa, akakunja pua. "Inanuka ndagala!" Akakirudisha kwa vidole viwili. Kicheko kikazidi. Namegabe alikuwa anajipiga mapaja. Benite aliwatazama mmoja mmoja. Watu wote hawa walimpenda Astère. Walikuwa wamekusanyika kumtazama, kama wanavyokusanyika kutazama ajali, ila ajali yenyewe ilikuwa bado haijatokea na wao ndio waliokuwa wanaingoja.

"Mi sisaini," alisema.

"We husaini?"

"Sisaini, chef."

Astère akachukua daftari mkononi mwake. Akaandika sahihi yake. Kisha akahamishia kalamu mkono wa kushoto, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akaandika nyingine. "Haya. Sasa tuko wawili." Akatema mate pale pale pa siku zote. Obeid akageuza uso, akawa anaangalia paa.

Mlango wa tablo ukafunguliwa. Benite aliona ndani kwa muda wa pumzi moja. Miaka ya mvuke wa mawese ilikuwa imeacha utando mweusi kwenye kila kitu, laini, wenye kung'aa, na mende walikuwa wanakimbia juu yake. Chini kulikuwa na panya aliyekufa siku nyingi, amekauka nusu na nusu anachuruzika kwa joto. Hiyo ndiyo nyama iliyokuwa ikinuka. Juu ya panya, kwenye chuma kinene cha katikati, kichwa cha boliti kilikuwa kinawaka rangi ya kaa la moto. Na Astère alikuwa anainamisha uso wake karibu, karibu kabisa, apate kuona vizuri.

Benite aliondoka. Hakukimbia, maana alijua akikimbia watamshika. Alipita kati ya katoni, akatoka mlango wa nyuma, hatua kama thelathini, mpaka kwenye kibanda cha groupe. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa upande wa kulia. Mtu alikuwa amekifunika kwa kopo tupu la nyanya na kulifunga kwa waya, ili mtu asikibonyeze kwa bahati mbaya. Kitufe cha kuokoa watu kilikuwa kimefungiwa ndani ya kopo! Aliuvuta ule waya kwa mikono miwili. Bati lilimkata kidole gumba. Alimkumbuka Astère akihamisha kalamu mkono wa kushoto, akauvuta tena, kopo likang'oka, akabonyeza.

Ukimya ulikuja kwa ghafla hata ukaumiza masikio. Baadaye zikaja sauti, za kwanza zikiwa za Namegabe.

"Nani amezima? Nani? Sabuni yangu! Mungu wangu, sabuni yangu!"

Aliporudi, walimfungulia njia kama wanavyomfungulia mtu mwenye ugonjwa. Astère alikuwa amesimama vile vile, spana mkononi. Alimtazama tu. Benite alipita mbele yake, akapima vyuma vyote vitatu kwa kipimo chake, akapima tena, akarudi nyuma.

"Sasa hakuna umeme," alisema. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kiganjani. "Kaza, chef."

Astère aliweka spana juu ya boliti. Hakuikaza. Aliigusa tu, na ile boliti, ambayo moto ulikuwa umekwisha kula nyuzi zake zote, ikachomoka na kishikio chake cha shaba. Kishikio kikaanguka, kikagonga chuma cha chini, kikalala kati ya chuma hicho na cha pili. Kilitoa mlio mdogo, kama kijiko kinachogusa glasi. Kila mmoja aliusikia.

Kipande cha shaba kilikuwa kimeviunganisha vyuma viwili, shoti kamili iliyokosa umeme tu, kimelala sawasawa kama kilichowekwa na fundi. Uso wa Astère ulikuwa mbali nacho kwa urefu wa mkono wa mtoto. Alikitazama. Aliitazama mikono yake, kwanza upande huu, kisha upande ule. Jezi ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho.

Ndipo akasema, kwa sauti yake ile ile kubwa: "Unaona? Imeanguka kwa sababu umezima. Chuma imepoa, ikalegea."

Na mmoja wa wapakiaji akaitikia, "Njo hivyo, chef."

Benite akatoka nje, akatapika nyuma ya mapipa ya mawese.

Sabuni iliganda, kama Namegabe alivyosema. Siku tatu waliitoa kwa patasi na maji ya moto, bomba kwa bomba, na kazi hiyo alipewa Benite akiwa mbele, gumba limefungwa kitambaa. Kila aliyepita alikuwa na neno. Walimwita mama ingénieur, mama mhandisi. Siku ya pili Bwana Obeid alimwita ofisini, akampa barua ya onyo, akamwonyesha pa kutia sahihi kwamba ameipokea.

"Wallahi sipendi," alisema. "Lakini kila mutu akizima groupe anapotaka, nitafunga kiwanda."

"Nasaini, patron. Lakini na mimi naomba kitu."

"Nini?"

"Viduara vya disjoncteur. Nivirudishe pale ripoti inaposema. Ampea elfu moja na mia mbili. Haiombi kununua kitu. Ni bisibisi."

Obeid aligeuka nusu kwenye kiti. Kwenye kabati nyuma yake ripoti ilikuwa imelala chini ya kisanduku cha tende. Labda alikuwa anausikia tena ule mlio mdogo. Benite hakuweza kujua. Obeid alisema tu, "Mashine ya kukoroga itakuwa inakata."

"Itakata kama wanaiwasha pamoja na zingine. Waiwashe ya kwanza, peke yake. Ni kutembea hatua kumi tu."

"Hawatatembea."

"Basi itakata, na mimi nitarudisha."

Alivizungusha siku hiyo hiyo, tablo likiwa limezimwa, Astère akiwa amesimama nyuma yake na mikono mfukoni. Na Obeid alisema kweli, hawakutembea. Wiki ya kwanza disjoncteur ilikata mara sita. Kila mara kiwanda kizima kilipiga yowe la jina lake, na kila mara alikwenda, akawazimisha mashine zote, akarudisha, akawaambia kwa sauti yake nyembamba waanze na ya kukorogea. Namegabe alimtukana kwa Kishi, lugha ya kwao, akidhani haelewi. Wiki ya tatu ilikata mara moja.

Astère hakuvigusa vile viduara, ingawa bisibisi ilikuwa mfukoni mwake kila siku. Na umeme ulipokatika tena, ikabidi kufungua tablo, alisimama katikati ya kiwanda akanguruma: "Zimeni groupe! Mutu hafungue tablo iko hai, mulifundishwa wapi nyinyi?" Wapakiaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema mzee ana akili, mzee anajua umeme.

Jumamosi Benite alimkuta Astère huko Bwiza, kwenye meza ya mtaani, wenzake wamemzunguka, anawasimulia jinsi pua yake ilivyonusa ile boliti tangu akiwa nyumbani Carama. Alikuwa anakunja mkono kuonyesha ukaribu wa uso wake na shaba. Wakamwagizia mshikaki mwingine. Astère akalamba vidole vyake vyenye mafuta, kimoja kimoja, vyote kumi, akatema pembeni.

"Ee, mademoiselle!" aliita alipomwona. "Njoo, kaa, ukule."

Benite alivitazama vile vidole. Vilikuwa vinang'aa mate na mafuta, vinamchefua mpaka kooni, na hakuna hata kimoja kilichopungua.

"Asante, chef," alisema. "Nimeshiba." Akavuka barabara kwenda kununua mkate wa mama yake.